Taifa Stars: Kutoka Ndola 1979 mpaka leo

Wadau, hapa Kariakoo ukikatiza Msimbazi ni Simba, ukishuka Jangwani ni Yanga, ubishi kutwa. Ila ukimuuliza kijana Taifa Stars ilifuzu lini fainali za Afrika mara ya kwanza, anakujibu 2019. Hapana bwana! Naweka kumbukumbu sawa.

Mwaka 1979 tuliifunga Zambia 1-0 hapa Dar. Marudiano Ndola, jamaa wakatangulia, Peter Tino akasawazisha dakika za mwisho, tukafuzu. Fainali za 1980 kule Nigeria zilikuwa na timu 8 tu, si mchezo. Tulifungwa na wenyeji 3-1, Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Leodegar Tenga wa kikosi kile ndiye aliyekuja kuwa rais wa TFF mwaka 2004.

Halafu kimya miaka 39! Machi 2019 tukaipiga Uganda 3-0 Uwanja wa Taifa, tukaenda Misri, tukapoteza mechi zote 3. Fainali za 2023, sare mbili, nje. Za 2025 Morocco, sare mbili tena, safari hii zikatufikisha 16 bora kwa mara ya kwanza, wenyeji wakatutoa 1-0.

Kwa hesabu yangu: fainali 4, mechi 13, ushindi sifuri. Na za 2027 tumepewa uenyeji pamoja na Kenya na Uganda. Siku hiyo jezi nyekundu na za njano tuziache nyumbani. Deni hili ni letu sote.