Alama za Helikopta Vitani: Zilitoka Wapi, Zinasema Nini



Helikopta inapopita juu ya kambi, watoto hukimbilia nje kuitazama, na baadhi ya wazazi hukimbilia ndani. Wote wana sababu zao. Kwa kuwa hili ni toleo la kumbukumbu, sisi walimu tumeona vema kueleza historia ya rangi na alama hizo.

Msalaba mwekundu juu ya nyeupe ulikubaliwa Geneva mwaka 1864. Ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Hilali nyekundu ilianza kutumiwa na Waturuki mwaka 1876. Mkataba wa Geneva wa 1949 uliagiza ndege ya matibabu iwe na alama hiyo chini, juu na ubavuni, na ipite kwa kimo, saa na njia zilizokubaliwa na pande zinazopigana.

Katika Vita vya Korea (1950-1953), helikopta ndogo za Marekani zilibeba majeruhi kwenye machela zilizofungwa nje, huku na huku. Huko Vietnam, helikopta aina ya Huey zilipakwa kijani kilichokoza ili zijifiche, bali zile za majeruhi zilichorwa msalaba mwekundu ili zitambulike. Hata hivyo zilipigwa risasi mara nyingi. Meja Charles Kelly, kiongozi wa kikosi kimoja cha helikopta hizo, aliuawa tarehe 1 Julai 1964 akifuata majeruhi.

Rangi nyeupe yenye herufi UN ni jambo jingine. Haina maana kwamba chombo hakina silaha: mwezi Novemba 2012 helikopta za MONUSCO ziliwashambulia waasi wa M23 karibu na Goma. Wala si ngao: tarehe 29 Machi 2022 helikopta ya MONUSCO ilianguka Rutshuru, na wote 8 waliokuwamo wakafa.

Basi rangi peke yake haizuii risasi. Anayezuia ni mwenye bunduki anapoiheshimu alama, naye ataiheshimu ikiwa haijawahi kumdanganya. Ndiyo sababu sheria inakataza kuficha wapiganaji au kufanya hila chini ya msalaba mwekundu.

Nasi tuanzie nyumbani. Tumeona msalaba huo umechorwa kwenye vibanda vya kuuzia dawa. Tunawaomba wenye vibanda waufute, na wenzetu wa mashirika watusaidie kueleza sababu. Siku ya shida, alama hiyo iwe bado inaaminika.