Kitajio, Wala Si "Kiwakilishi Pendelewa"

Orodha mpya ya istilahi za jinsia inayozunguka katika ofisi za mashirika na vyumba vya habari imetuletea "viwakilishi pendelewa". Walioitunga walikusudia ule utaratibu, uliotokea katika nchi zinazosema Kiingereza, wa mtu kueleza kama atajwe kwa he, kwa she au kwa they. Dhana yenyewe msomaji anaijua, sina haja ya kuirudia. Ninachopinga ni jina lililopewa, na nalipinga kwa sababu jina baya limeharibu dai la haki. Wako watu wanaostahili kuheshimiwa kwa namna wanavyotaka kutajwa, nasi tumewabebesha istilahi inayowafanya waonekane wanadai kitu ambacho Kiswahili hakina.

Kosa la kwanza ni la kisarufi, na hata mwanafunzi wa kidato cha pili angeliona. Kiwakilishi huru cha nafsi ya tatu umoja katika Kiswahili ni kimoja tu: yeye. Asha ni yeye, Juma ni yeye, na mtoto ambaye bado yumo tumboni ni yeye. Kiambishi cha mtenda ni a-, cha mtendwa ni -m-, kimilikishi ni -ake, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouliza mtu ana maumbile gani. Nimeona fomu ya kujiandikisha kwenye semina iliyotafsiriwa kwa bidii kubwa. Chini ya "viwakilishi pendelewa" palikuwa na visanduku vitatu: cha kwanza "yeye (mwanamume)", cha pili "yeye (mwanamke)", cha tatu "wao". Mtafsiri alipofika pale alipaswa kuweka kalamu chini na kujiuliza anatafsiri nini. Badala yake aliongeza mabano.

Hicho kisanduku cha tatu ndicho kinachoudhi zaidi. Mwaka 2019 mwimbaji wa Uingereza Sam Smith alitangaza kwamba angependa kutajwa kwa they, na mwaka huohuo kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani iliyaingiza matumizi hayo na kulichagua neno hilo kuwa neno la mwaka. Mwenye kutafsiri neno kwa neno huandika "Smith wamesema wao wanataka waheshimiwe", na msomaji hudhani ukoo mzima umezungumza. They ina historia yake huko kwao. Iliingia Uingereza pamoja na walowezi wa Skandinavia, ikakaa katika wingi, na tangu karne ya 14 ikatumika pia kwa mtu mmoja ambaye jinsi yake haijulikani au haina haja ya kutajwa. Mwingereza anapoitumia kwa mtu mmoja anakwepa uchaguzi kati ya he na she. Sisi uchaguzi huo haujatufika, basi tunakwepa nini?

Wenzetu wamehangaika kupata tulichozaliwa nacho. Waswidi walilijadili neno hen kwa miaka mingi, mpaka Akademia yao ilipoliingiza katika orodha yake rasmi ya maneno mwaka 2015. Na jirani zao Wafini muda wote walikuwa na hän, inayomfaa kila mtu. Kituruki na Kihangari vilevile havitenganishi mume na mke katika nafsi ya tatu. Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Kichina. Maandishi yao yalikuwa na alama moja ya tā kwa wote hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mshairi na mwanaisimu Liu Bannong alipopendekeza alama ya pekee kwa mwanamke, kwa kuwa tafsiri za vitabu vya Ulaya zilikuwa zinadai mgawanyo huo. Pendekezo lilikubaliwa na hadi leo Wachina huandika alama mbili kwa tamko moja. Lugha inaweza kutiwa ukuta isiokuwa nao kwa mikono ya watafsiri wake. Waliotuandikia "yeye (mwanamume)" na "yeye (mwanamke)" wanaujenga ukuta huo, na wanaujenga kwa jina la usawa.

Tuje kwenye neno lenyewe. Wanasarufi wa Kigiriki waliliita neno la aina hii antonymia, Warumi wakalitafsiri pronomen, yaani kinachosimama badala ya jina, na mataifa ya Ulaya yakawafuata. Watunzi wa istilahi zetu za sarufi walichagua kiwakilishi, kutoka wakilisha, ambayo nayo inatoka kwa wakili, neno la Kiarabu la mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Ni istilahi njema, na ndani ya sarufi sina ugomvi nayo. Mtetezi mmoja wa orodha ile ameniambia kwamba hapo ndipo penye nguvu ya hoja yake: kila mtu ana haki ya kumchagua wakili wake. Hoja inapendeza kusikia, ila haina mashiko. Yeye hachaguliwi na mtu. Sarufi imeliteua neno hilo kwa wanadamu wote, haliondolewi wala halibadilishwi. Kumwambia msemaji wa Kiswahili achague kiwakilishi ni kumpa karatasi ya kura yenye mgombea mmoja.

Mwingine, ambaye hachoki kutukumbusha Kiarabu chake, alitaka tuseme dhamiri. Ni kweli kwamba Waarabu hukiita kiwakilishi hivyo, kutoka mzizi wenye maana ya kuficha, kwa kuwa jina limefichwa ndani yake. Ni kweli pia kwamba neno hilohilo, kwao na kwetu, ni ile sauti ya ndani inayomsuta mtu. Lakini Kiarabu hutenganisha mume na mke hata mnaposemeshana ana kwa ana: anta kwa mwanamume, anti kwa mwanamke. Kiswahili kimekopa huko maneno tele, ya ibada, ya biashara na ya mahakama, na mgawanyo huo hakikuuchukua. Tukienda kukopa huko jina la jambo hili, tutakopa na tatizo lake. Tena "dhamiri yako ni ipi?" ni swali la kumuuliza mtu aliyekula mali ya yatima.

Kuhusu pendelewa nitasema wazi. Pendwa imekubalika katika "fasihi pendwa", lakini ruhusa hiyo haikutolewa kwa kila kitenzi kukatwa kichwa na kufanywa kivumishi. Kubwa zaidi ni maana. Kutoka pendelea Waswahili wamepata upendeleo, na upendeleo kwetu ni lawama: mwalimu anayempa mtoto wa ndugu yake alama asizostahili, bosi anayeajiri watu wa kwao. Kinachopendelewa ni kilichopewa kisichostahili. Istilahi hii, kabla mtu hajafungua mdomo, imekwisha kumshtaki kwamba anaomba upendeleo. Wenye Kiingereza wenyewe wengi wameacha kusema viwakilishi "vinavyopendelewa", kwa hoja kwamba namna mtu anavyotajwa si suala la ladha, na sisi ndiyo kwanza tunaokota walichokitupa.

Basi ni wapi Kiswahili humtaja mtu kwa jinsi yake? Ni katika maneno yanayolitangulia jina au yanayokaa mahali pake: Bwana, Bibi, kaka, dada, mama, baba, anko, shangazi, bin na binti. Kondakta wa daladala hawezi kudai nauli kabla ya kukupima kwa jicho: "Kaka, nauli." "Dada, sogea nyuma kuna nafasi." Karani wa hospitali anashika kadi yenye Me au Ke, anatazama benchi, anapaza sauti: "Bwana fulani!" Anayeinuka amevaa gauni, na benchi zima linageuka kumtazama. Hapo ndipo mtu anapoumizwa, na hapo ndipo heshima hutolewa au hunyimwa. Sentensi iliyofuata, "amefika, mpeni dawa yake", haikumdhuru hata kidogo, maana ina a-, ina -m-, ina -ake.

Ndiyo maana napendekeza kitajio. Limetokana na kitenzi taja, likapita katika kauli ya kutendea, tajia, kisha likapewa ki- mwanzoni na -o mwishoni, kama kalia ilivyozaa kikalio na funikia ikazaa kifunikio. Maana yake ni kile anachotajiwa mtu. Ngeli yake ni KI-VI, wingi wake vitajio, na haligombani na neno lolote lililokwisha kuwepo. Linameza Bw. na Bi., linameza kaka na dada, linameza he na she ya Mwingereza na hen ya Mswidi, bila kukilazimisha Kiswahili kiazime ugonjwa ili kipewe dawa. Nilipeleka pendekezo hili kwa maandishi, pamoja na mifano yake, kwa kamati iliyoitunga orodha ile. Halikujibiwa. Baadaye nikaelezwa kwa mdomo kwamba kitajio "hakijazoeleka". Ningependa kuambiwa pendelewa ilizoeleka lini, na kwa nani.

Wapo watakaosema kwamba jina zuri halitoshi, kwamba kumwita dada mtu aliyeandikwa Me ni kusema uongo. Hawa wanakidhani kitajio kuwa ushahidi wa daktari. Desturi yetu haijawahi kukitumia hivyo. Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya kufundisha katika shule ya Pugu mwaka 1955, na Watanzania wakamwita Mwalimu hadi alipofariki 1999 na hadi leo. Mwanamke ambaye hajazaa huitwa mama kwa heshima. Mtoto wa kiume aliyerithi jina la babu yake huitwa baba na mzazi wake mwenyewe, na bibi humwita mjukuu wake mume wangu mbele ya watu wote bila mtu kuita polisi. Mwenye kurudi kutoka Makka huitwa Alhaji, na aliyezaa Asha huitwa Mama Asha hata na wazee wake. Katika yote haya kinachotazamwa ni nafasi aliyonayo mtu kati ya watu na namna alivyokubali kuitwa. Ukimwita mtu kwa neno alilolikataa, Waswahili husema umemkosea adabu, na hawakuulizi una cheti gani mkononi.

Tena tunacho kitajio kisichouliza jinsi, nacho kina historia ya heshima. Katika Tanzania ya chama cha TANU na Azimio la Arusha la 1967, Ndugu lilifanywa neno la usawa: waziri alikuwa Ndugu, mkulima Ndugu, mwanamume na mwanamke Ndugu. Chama Cha Mapinduzi hulitumia hadi leo, kwa kifupi chake Ndg. Orodha ile haikulitaja popote.

Mahakama za Kenya zimelifikia jambo hili kabla ya wanaistilahi. Mwaka 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani la Kenya kumpa Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsi, cheti cha mtihani wa sekondari (KCSE) chenye jina analolitumia na kisicho na alama ya jinsi. Desemba ya mwaka huohuo Jaji Isaac Lenaola alitoa hukumu kuhusu mtoto ambaye kwenye karatasi za hospitali, mahali pa jinsi, paliandikwa alama ya kuuliza. Huyu wa pili ni huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike kamili, neno ambalo mafakihi wa pwani wamelijua kwa karne nyingi kutoka katika sheria ya mirathi, na sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu huntha 1,524. Hali zao ni mbili tofauti, na waandishi wanaoziita zote "jinsia tata" wanawadhulumu watu wote wawili. Lakini madai yao yanakutana hapa: asiwepo karani wa kuwabandika jina wasilolikubali.

Hata neno jinsi lenyewe linatuunga mkono. Ni jins ya Kiarabu, iliyotoka kwenye genos ya Kigiriki yenye maana ya aina au ukoo, ndugu wa genus ya Kilatini iliyozaa neno la Kiingereza gender. Jinsia ni jinsiyya, ambayo kwa Waarabu wa leo ni uraia. Waswahili walipoipokea jinsi waliipa kazi nyingine ambayo hakuna kamati iliyowaagiza: jinsi alivyo, jinsi anavyoishi, jinsi anavyotaka. Katika kinywa cha kila siku neno hili ni la namna ya kuwa kabla halijawa la maumbile.

Kwa matumizi: kwenye fomu andikeni "Kitajio chako" na mwache mstari mtupu; katika habari, yeye kwa kila mtu, jina analojiita, na Ndg. pale asipotaka Bw. wala Bi.

Kamati ikiona vyema kulikataa neno kitajio, ilikatae kwa hoja iliyoandikwa na kutiwa saini, si kwa ujumbe wa mdomoni. Na kabla ya kuchapa toleo la pili la orodha yake, itueleze yeye imekosa nini hata itafutiwe mbadala, na mtu anayeomba tu kuitwa vizuri amekosa nini hata ombi lake liitwe upendeleo.