Swali la binti mfalme lililomkwamisha Descartes

Mwanafunzi anayeanza falsafa ya akili kwa kawaida hupokewa mlangoni na René Descartes, Mfaransa aliyetoa kitabu chake cha tafakuri mwaka 1641. Hufundishwa kwamba mtu aweza kuutilia shaka hata mwili wake, lakini hawezi kutilia shaka kwamba anafikiri. Basi yeye ni kitu kinachofikiri, na kitu hicho si mwili. Mwili una urefu na upana, unachukua nafasi. Akili haichukui nafasi yoyote. Hoja hii ilikuwa na ndugu yake mkubwa: Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kuwataka wasomaji wamfikirie mtu aliyeumbwa akielea hewani, haoni kitu, hagusi kitu, hata viungo vyake havigusani, na bado anajua kwamba yupo. Ndiyo maana naona tunakosea kulianzisha somo kwa Descartes. Lianzie Mei 1643, katika barua iliyoandikwa The Hague, Uholanzi, na mwanamke wa miaka 24.

Elisabeth wa Bohemia alizaliwa Heidelberg mwaka 1618. Baba yake alitawala Bohemia kwa muda mfupi tu; baada ya kushindwa vitani karibu na Prague mwaka 1620 alipoteza kiti, na familia ikaishi uhamishoni. Elisabeth alikisoma kitabu cha Descartes, kisha akamuuliza: ikiwa roho ni kitu kinachofikiri tu, inawezaje kuusukuma mwili utende yale mtu anayoyataka? Uzito wa swali hili uko katika mizani aliyoitumia, kwa sababu ilikuwa ya Descartes mwenyewe. Katika fizikia ya Descartes, kitu hakisogei mpaka kisukumwe; kusukuma kunataka kugusana, na kugusana kunataka kitu chenye uso. Roho haina uso. Mwenye kiu akitaka maji, mkono wake huenda kwenye kikombe. Ni nini basi kilichousukuma?

Descartes alikiri kwamba swali lilikuwa la haki kabisa kuulizwa kutokana na maandishi yake. Akajibu kwa mfano wa uzito: watu hudhani uzito wa jiwe hulivuta chini bila uso wowote kukandamiza uso mwingine, na hawaoni tatizo, waifikirie roho vivyo hivyo. Mwezi uliofuata Elisabeth alimrudishia mfano huo. Uzito wa namna hiyo, alimkumbusha, wewe mwenyewe unaukataa katika fizikia yako. Kwake yeye ilikuwa rahisi zaidi kukubali kwamba roho ina maada kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na maada kinausukuma mwili. Akaongeza jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote: mtu mwenye akili timamu aweza kuupoteza uwezo wake wa kufikiri kwa mivuke, maradhi ambayo waganga wa enzi hizo waliyaeleza kuwa yanapanda kutoka mwilini. Kama roho haina kitu inachoshirikiana na mwili, mbona inatawaliwa nao hivi? Jibu la Descartes, la Juni 28, lilikuwa kwamba muungano wa roho na mwili hufahamika kwa hisia na maisha ya kila siku, si kwa kutafakari. Mwaka 1649 Descartes alichapisha kitabu kuhusu hisia za roho, akataja tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo kuwa mahali roho inapofanyia kazi zake. Lakini tezi inatuonyesha mahali tu. Jinsi kazi yenyewe inavyofanyika haituelezi.

Yako mapingamizi. Descartes mwenyewe alisema mwaka 1646 kwamba wanaomsumbua wanachukulia, bila ushahidi, kuwa vitu vya asili tofauti haviwezi kuathiriana. Naye mwanafalsafa David Hume, karibu karne moja baadaye, alionyesha kwamba hata gololi inapogonga gololi hatuoni kinacholazimisha ya pili isogee; tunaona moja ikifuatwa na nyingine, basi. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linamlenga mtu mwingine. Elisabeth hakusema haiwezekani, aliuliza inakuwaje. Na hata tukimfuata Hume, linabaki fundo alilolikaza mwanafalsafa Jaegwon Kim: kama roho haiko mahali popote, ni nini kinachoifunga roho hii na mwili huu, hata nia yangu iinue mkono wangu na si wa jirani?

Wengine watasema sayansi ya ubongo imekwisha kujibu. Septemba 1848, huko Vermont, Marekani, fimbo ya chuma ya zaidi ya mita moja ilipenya fuvu la Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli. Alipona, ila daktari wake aliandika kwamba tabia yake ilibadilika. Mwaka 1956 mwanafalsafa U. T. Place alitetea wazo kwamba fahamu ni shughuli za ubongo, kama radi ilivyo umeme. Hiyo ni njia ambayo Elisabeth aliichungulia, na kwa maoni yangu ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi. Hata hivyo anayeipita anarithi deni. Mwanafalsafa Leibniz aliandika mwaka 1714 kwamba ungeingia ndani ya mashine inayofikiri kama mtu anavyoingia kinuni, ungekuta vipande vinavyosukumana tu, usione penye wazo. Mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel aliuliza popo anajionaje kuwa popo, jambo ambalo maelezo ya mishipa yake ya fahamu hayajatufikishia. Swali la 1643 limegeuzwa upande: maada inawezaje kuhisi?

Descartes alifariki Stockholm mwaka 1650. Elisabeth alikataa barua zake zichapishwe, akaja kuongoza abasia ya Herford hadi alipofariki mwaka 1680. Majibu ya Descartes yalianza kuchapishwa mwaka 1657. Barua za Elisabeth zilitoka mwaka 1879. Kwa miaka zaidi ya 200, wanafunzi walisoma majibu bila kumsikia aliyeuliza.