Kiti, chungu na picha ya ukutani: historia ya wamama wa Katanga

Familia inayokimbia vita hubeba watoto, sufuria na vikwembe viwili vitatu. Picha za harusi na chungu cha bibi hubaki nyuma. Na historia ya wamama wa Katanga imehifadhiwa zaidi katika vitu kuliko katika vitabu. Kitu kikipotea, na habari yake hupotea.

Tuanzie kwa Waluba. Kiti cha mulopwe, yaani mfalme, mara nyingi kilichongwa katika umbo la mwanamke aliyeinua mikono kukibeba kiti juu ya kichwa. Hakikuwa kiti cha kukalia kila siku. Kilifungwa katika kitambaa cheupe, kikatunzwa mbali na macho ya watu. Kwa nini mwanamke? Kwa sababu Waluba waliamini mwili wa mama pekee una nguvu ya kubeba roho ya mfalme. Nywele zake zilizosukwa na chale za tumboni hazikuwa urembo tu: zilionyesha heshima yake na mahali pake katika jamii.

Mulopwe alipokufa, roho yake ilimwingia mwanamke aliyeitwa mwadi. Makao ya marehemu yakawa kijiji cha mwadi, na watu walienda kwake kutafuta shauri. Mwadi akifa, mwanamke mwingine wa ukoo alichukua nafasi yake. Ndivyo mama alivyotunza kumbukumbu ya ufalme, kizazi kwa kizazi.

Mchongaji mmoja maarufu, Ngongo ya Chintu, anahusishwa na eneo la Buli, katika Tanganyika ya leo. Wanawake aliowachonga wana nyuso ndefu, kama za bibi aliyeona mengi. Kazi zake leo ziko London, New York na Tervuren. Na Tanganyika hiyohiyo, tangu mapigano ya Waluba na Watwa ya mwaka 2016, familia nyingi zimehama makwao. Sanaa ya bibi iko Ulaya, mjukuu analala chini ya hema.

Hapa mjini historia ilichukua njia nyingine. Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, na mwanzoni migodi ilitaka wanaume tu. Kuelekea mwaka 1928 Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi waishi na wake zao kambini. Wamama wakafundishwa kushona na kupika kwa namna ya Wazungu. Lakini hawakuacha ya kwao: majina, nyimbo za kubembeleza mtoto, namna ya kusuka nywele na kufunga kikwembe.

Miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi waliuza picha za kutundika sebuleni. Watu waliziita ukumbusho. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia yote ya inchi katika picha zaidi ya 100. Kuna picha iliyopendwa sana, Colonie Belge: mfungwa anachapwa fimbo, Mzungu anatazama. Tazama vizuri pembeni: mara nyingi kuna wamama wamemletea mfungwa chakula. Wachoraji walikuwa wanaume, lakini hawakuweza kusimulia mateso yale bila kumweka mama aliyelisha watu.

Ilikuwa hivyo tena Gécamines ilipoanguka. Mishahara ilikatika, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini. Katika nyumba nyingi za Katuba na Kenya, mama ndiye aliyelisha watoto kwa kuuza unga, mboga au makala sokoni.

Mwaka 2000, wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, walianzisha kazi ya Mémoires de Lubumbashi. Wakaaji waliombwa kuleta vitu vya nyumbani na kusimulia habari zake. Hivyo vyombo vya mama wa kawaida vikapata heshima ya kuonyeshwa mbele ya watu.

Kazi hiyo haihitaji profesa ili iendelee. Wewe uliyefika jana kutoka mbali, kama chungu kilibaki, habari yake bado unayo. Keti na mama yako, umuulize jina la bibi aliyekifinyanga, kijiji chake, na udongo ulichotwa wapi. Mtoto aandike kwenye daftari la shule, na achore picha yake. Huo nao ni ukumbusho.