Antena za Redio Kwenye Magari ya Zamani ya Parokia: Mwongozo kwa Karagwe na Kyerwa

Katika parokia zetu yangali magari ya zamani, hasa Land Rover na Toyota Land Cruiser, ambayo umri wake umepita ule wa madereva wanaoyaendesha. Ndiyo yanayompeleka padre vigangoni, ndiyo yanayomchukua mama mjamzito usiku wa mvua. Baadhi yana redio ya upepo iliyonyamaza na antena iliyovunjika. Mara kwa mara tunaulizwa kama inafaa kuifufua, na jinsi ya kuifunga ipasavyo. Makala hii yajibu maswali hayo.

Kwa nini redio, wakati simu zipo?

Nchi yetu ni ya vilima virefu na mabonde yenye kina. Simu ikamatayo vizuri mlimani hunyamaza bondeni, na karibu na mto Kagera huweza kudaka mtandao wa nchi jirani. Wenye umri mkubwa watakumbuka mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipopokelewa katika kambi za Ngara na Karagwe: magari ya misaada yenye antena ndefu yalikuwa sehemu ya barabara zetu, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya haraka ya kuomba dawa, chakula au msaada.

Kanisa nalo lilitambua mapema thamani ya vyombo hivi. Mwaka 1927 Padre Paul Schulte, Mwoblati, alianzisha huko Ujerumani shirika la MIVA la kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri, baada ya rafiki yake mmisionari kufariki barani Afrika akiwa mbali na tabibu. Miaka minne baadaye, tarehe 12 Februari 1931, Papa Pius XI alizindua Redio Vatikano iliyojengwa na Guglielmo Marconi.

Aina mbili za mawimbi

Redio ya VHF hutumia mawimbi mafupi yanayokwenda karibu katika mstari ulionyooka. Hufaa kati ya gari na parokia iliyo upande uleule wa kilima, lakini mlima huizuia. Antena yake ni fupi: kwa masafa ya 150 MHz, robo ya wimbi ni takribani sentimita 50.

Redio ya HF, ambayo wengi huiita redio ya upepo, hurusha mawimbi yanayoakisiwa na tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali, hata kupita milima. Kwa 7 MHz robo ya wimbi ni karibu mita 11, urefu ambao gari haliwezi kuubeba. Hivyo hutumika fimbo ya mita mbili au tatu yenye koili inayofidia urefu uliopungua. Mchana masafa ya juu kidogo husikika vizuri. Usiku inafaa kushuka.

Mahali pa kufunga

Bodi ya gari ni nusu ya pili ya antena, nayo huitwa ardhi ya redio. Antena ya VHF hufanya kazi vizuri zaidi katikati ya paa la chuma. Antena ya HF ni nzito na hutikiswa mno na barabara zetu, kwa hiyo ifungwe kwenye bampa imara, ya mbele au ya nyuma, kwa kitako kinene na springi. Isifungwe kwenye kioo wala kwenye bati jembamba, kwa maana bati hilo litapasuka.

Hapa Land Rover ya zamani yataka uangalifu wa pekee. Sehemu kubwa ya bodi yake ni ya alumini, ilhali fremu ni ya chuma. Kwanza, antena yenye kitako cha sumaku haitashika. Pili, alumini ikigusana na chuma au shaba penye unyevu, huliwa upesi. Kwangua rangi mpaka metali ing'ae, tumia washa za chuma kisichoshika kutu, paka grisi, kisha unganisha bodi, fremu na injini kwa nyaya pana za kusuka. Gari lenye paa la turubai halina ardhi ya kutosha kwa juu. Antena ya VHF ihamie kwenye bawa la mbele.

Umeme

Redio ya HF ya wati 100 huvuta takribani ampea 20 inaporusha. Nyaya zake zitoke moja kwa moja kwenye betri, ziwe nene, na fyuzi ikae karibu na betri. Angalia pia mambo mawili: baadhi ya Land Cruiser za dizeli hutumia volti 24, na Land Rover za kale, za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, ziliunganisha ncha chanya ya betri na bodi. Kufunga redio ya volti 12 bila kujua hayo ni kuiunguza siku ile ile.

Kupima kabla ya kutumia

Fundi atumie kipimo cha SWR, kinachoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi badala ya kwenda hewani. Chini ya 1.5 ni vizuri. Ikipita 3, acha kurusha hadi kasoro ipatikane. Mara nyingi kasoro ni ardhi mbovu, au maji yaliyoingia kwenye kiungo cha kebo. Kwa mawasiliano ya karibu yanayozuiwa na milima, fimbo ya HF ikunjwe nyuma na kufungwa kwa kamba kavu, kisha ipimwe upya: mawimbi mengi zaidi yatapanda juu na kushuka upande wa pili wa kilima.

Usalama na sheria

Fimbo ndefu isiachwe wima chini ya nyaya za umeme wala kati ya matawi. Mtu asiiguse wakati redio inarusha, kwani huunguza ngozi. Radi ikianza, simamisha mawasiliano na uchomoe kebo.

Kumiliki redio si ruhusa ya kuitumia. Masafa na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na gari lililonunuliwa likiwa na redio halirithi leseni ya mwenye nalo wa kwanza. Halmashauri ya parokia ishughulikie jambo hili kabla ya fundi kuitwa.

Tukumbuke mwisho kwamba redio husikiwa na yeyote aliye kwenye masafa hayo. Inatosha kusema, “Mgonjwa anamhitaji padre, kigango fulani, upesi.” Ugonjwa wake na siri za nyumba yake visitajwe hewani. Antena iliyofungwa vema hufikisha sauti mbali. Kulinda heshima ya mgonjwa kwabaki mikononi mwa anayeshika kipaza sauti.