Ushahidi wa Damu: Afya ya Wachimbaji wa Urani katika Uwanda wa Juu wa Colorado, 1950–1990

Mwaka 1950 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwapima wachimbaji wa urani katika Uwanda wa Juu wa Colorado, wakiwemo wengi wa jamii ya Navajo. Walipimwa kifua, damu na mkojo, lakini hawakuelezwa kwamba hewa ya migodini ilihofiwa kusababisha saratani. Insha hii inajadili kwa nini damu hiyo haikuweza kuwa shahidi wa kutosha wa madhara ya kazi yao.

Sababu ya kwanza ni ya kibiolojia. Chembechembe nyekundu huundwa katika uboho na kuishi takribani siku 120. Hivyo idadi yake hueleza hali ya miezi michache iliyopita, si ya miaka mingi ya kazi. Pili, hatari kuu ilikuwa gesi ya radoni, ambayo mazao yake hunasa mapafuni na kutoa miale ya alfa isiyopenya mbali. Uboho ulifikiwa na sehemu ndogo tu ya miale hiyo. Vumbi la urani nalo huweza kudhuru figo, ambazo hutoa homoni ya kuchochea uundaji wa chembechembe nyekundu. Hata hivyo, upungufu wa damu una visababishi vingi, ikiwemo lishe duni, na peke yake usingetosha kuitia migodi hatiani.

Ushahidi uliokubalika ulitokana na vifo. Ripoti ya mwaka 1962 ilionyesha kuwa saratani ya mapafu iliua wachimbaji wengi kuliko ilivyotarajiwa, ilhali kikomo cha shirikisho cha mionzi migodini kiliwekwa mwaka 1967. Mwaka 1984 mahakama ya shirikisho huko Arizona ilitupilia mbali madai ya wachimbaji wa Navajo dhidi ya serikali. Sheria ya fidia ilipopitishwa mwaka 1990, maradhi ya wachimbaji yaliyotambuliwa yalikuwa ya mapafu.

Kwa hiyo, damu isiyo na kasoro haikuwa thibitisho la usalama. Mchimbaji angeweza kuonekana mzima kwa kipimo hicho, ilhali ugonjwa utakaomuua umekwisha kuota mizizi kifuani. Kasoro kubwa ya kihistoria haikuwa udhaifu wa kipimo, bali kumpima mtu huku akifichwa sababu ya kupimwa.