Maji Yaliyo Mwilini Yalipimwaje?

Siku moja kliniki mama mmoja aliniuliza, "Sista, mnajuaje mtoto ana maji kiasi gani mwilini, na hamjamfungua ndani?" Nililipenda swali hilo.

Hapo zamani jibu lilikuwa la kutisha kidogo. Katika karne ya 19 wataalamu wa Ulaya walipima maiti, wakaikausha, kisha wakaipima tena. Uzito uliopungua ndio maji. Kwa aliye hai, bila shaka, njia hiyo haifai.

Mwaka wa 1931 Mmarekani Harold Urey aligundua hidrojeni nzito. Kutokana nayo yalipatikana maji mazito: ni maji kama haya yetu, ila yamezidi uzito kidogo. Mwaka wa 1934 George de Hevesy na mwenzake Hofer walieleza jaribio lao. Mtu alikunywa maji yaliyotiwa maji mazito kidogo, kisha mkojo wake ukapimwa. Wewe mama unaijua hesabu hii jikoni. Kijiko kimoja cha chumvi katika sufuria ndogo hukolea. Kijiko hicho hicho ukikitia ndani ya pipa, huisikii chumvi. Basi kadiri maji mazito yalivyofifia, ndivyo walivyojua ukubwa wa "pipa" la mwili. Walipata lita 43 hivi, karibu thuluthi mbili ya uzito wa mtu.

Mtoto mchanga ana maji mengi zaidi kwa uzito wake, kama asilimia 75. Lakini mtoto wa kilo 3, hiyo ni lita 2 na robo tu. Haijazi hata nusu ya mtungi wa lita 5! Akiharisha na kutapika hadi apoteze gramu 300, sehemu ya kumi ya uzito wake imekwenda, na maisha yake yamo hatarini. Kwa hivyo mtoto mchanga akiharisha usingoje kesho: mpeleke kituo cha afya, na njiani uendelee kumnyonyesha.

Maji mazito yamefika hata kwetu Kenya. Yalitumiwa kwa akina mama wafugaji wa Pokot, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2005. Mama hunywa kipimo kidogo. Yale yanayoonekana baadaye kwa mtoto yamepitia kwenye titi, na hivyo maziwa anayonyonya hukadiriwa bila kumpandisha kwenye mizani kila mara. Maji hayo hayana miale, na kiasi hicho hakimdhuru mama wala mtoto.